BMX au ya milimani: Baiskeli ipi itastahimili miruko ya vijana wa Ngoingwa?

MTAA wa Ngoingwa, kando ya barabara itokayo mjini Thika kuelekea Mang'u, una karibu kila kitu anachokitamani kijana mwenye baiskeli. Upo udongo mwekundu unaoshikana vizuri, zipo barabara za changarawe zenye mabonde na matuta, na zipo ploti ambazo ujenzi wake haujakamilika, zenye marundo ya mchanga yanayogeuzwa kuwa vilima vya kurukia pindi mafundi wanapoenda zao jioni.

Kisichopatikana kwa urahisi ni jibu la swali linalomkabili mzazi akiwa mbele ya muuzaji: je, amnunulie mwanawe BMX au baiskeli ya milimani?

Swali hilo si la urembo. Baiskeli isiyoundwa kwa ajili ya kuruka huvunjika mahali pabaya kuliko pote, yaani pale uma ushikao gurudumu la mbele unapoungana na fremu. Kijana aliye hewani wakati huo hubaki ameshika usukani usioongoza chochote. Meno, mtulinga na kifundo cha mkono ndivyo hulipa deni hilo.

Ugumu wa kwanza ni wa majina. Katika mitaa mingi ya Kenya, BMX ni jina linalopewa baiskeli yoyote ndogo ya mtoto, na kila yenye gia na tairi za meno huitwa ya milimani. Wauzaji hawana haraka ya kuusahihisha mkanganyiko huo, kwa kuwa unawafaa.

Ukweli ni kwamba hizi ni zana mbili zilizozaliwa kwa haja mbili. Zote zilitokea katika jimbo moja la Marekani, California, katika miaka ya 1970. Kusini mwa jimbo hilo, watoto waliokuwa wakiwatazama watu wazima wakishindana kwa pikipiki katika viwanja vya udongo walianza kuwaiga kwa kutumia baiskeli zao ndogo, hasa aina ya Schwinn Sting-Ray. Filamu ya On Any Sunday, iliyotolewa mwaka wa 1971, ilianza kwa kuwaonyesha watoto wa namna hiyo, na mchezo ukasambaa. Herufi za BMX zenyewe zinatokana na maneno ya Kiingereza ya baiskeli na motokrosi, ambapo X husimama badala ya msalaba.

Kaskazini mwa jimbo hilohilo, katika wilaya ya Marin, walikuwapo watu wazima waliookota baiskeli kuukuu nzito zilizoundwa miongo kadhaa nyuma na kuteremka nazo kwa kasi katika vilima vilivyo karibu na mlima Tamalpais. Mwaka wa 1976 walianzisha mashindano waliyoyaita Repack. Jina hilo lilitokana na breki za nyuma zilizokuwa zikipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, hivi kwamba kila aliyefika chini alilazimika kuijaza upya kabla ya kurudi juu. Mwaka wa 1977 Joe Breeze aliunda fremu mahususi kwa kazi hiyo, na mwaka wa 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kwa wingi.

Mtoto wa kusini alitaka kupaa. Mtu mzima wa kaskazini alitaka kufika chini ya mlima akiwa mzima, kisha apande tena. Kila kipimo cha baiskeli hizi mbili hadi leo kinafuata tofauti hiyo.

Gurudumu la BMX ya kawaida lina kipenyo cha inchi 20, sawa na sentimita 51 hivi. La baiskeli ya milimani lilikuwa inchi 26 kwa miaka mingi, kisha wenye viwanda wakahamia inchi 27.5 na 29. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo au jiwe bila kutumbukia sana. Dogo hutumbukia, lakini ni jepesi, gumu kupinda, na huanza kuzunguka haraka pindi kanyagio linaposukumwa.

Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha nyuma katika BMX ni takriban sentimita 95. Katika baiskeli ya milimani ya mtu mzima ni sentimita 115, na mara nyingi zaidi ya hapo. Tofauti hii ya sentimita 20 huonekana ndogo dukani, lakini hewani ni jambo jingine. Nguvu inayohitajika kukizungusha kitu huongezeka kwa mraba wa umbali wa uzito wake kutoka katikati, kwa hiyo hata kama magurudumu yangekuwa na uzito sawa, kuizungusha ile ndefu kungedai nguvu karibu mara moja na nusu zaidi. Na magurudumu hayana uzito sawa.

Hiyo ndiyo sababu sarakasi nyingi za baiskeli zilivumbuliwa juu ya BMX. Mwendeshaji huuzungusha usukani mzima hewani na kuudaka, huizungusha fremu chini ya miguu yake, au hugeuka digrii 360 na kutua akitazama alikotazama mwanzo. Kuna waya maalumu za breki, zilizounganishwa kwa kifaa kinachozunguka shingoni mwa fremu, ili usukani ugeuke mara nyingi bila waya kujisokota. Wengine huona hata hiyo ni taabu, wakaondoa breki kabisa. Huo ni ujinga kwa mtaa wenye miteremko ya kushukia kwenye mabonde ya mito, na mzazi anayeuziwa BMX isiyo na breki hana budi kudai ifungwe angalau ya nyuma.

Gia nazo zinasema hadithi ileile. BMX ina gia moja tu. Mpangilio wa kawaida wa siku hizi ni meno 25 mbele na 9 nyuma, hivyo kanyagio likizunguka mara moja baiskeli husonga takriban mita 4.4. Ni mwendo unaotosha kulikimbilia tuta la kurukia, lakini ni mzigo mkubwa kwa anayepanda kilima kirefu na mchovu kwa anayekwenda mbali. Ya milimani inaweza kushushwa hadi isonge chini ya mita 2 kwa mzunguko, au kupandishwa ipite mita 6.

Kwa hiyo kijana anayetumia baiskeli kwenda shuleni, kutumwa sokoni Thika na kurudi, atachoka na BMX kabla ya muhula kwisha. Kiti chake huwekwa chini mno kwa makusudi, ili kisimzuie mwendeshaji anaporuka, na magoti ya anayekalia hupanda hadi karibu na kifua. Baiskeli hiyo imekusudiwa kuendeshwa kwa kusimama.

KINACHOTOKEA HEWANI

Wengi huamini kwamba baiskeli yenye springi ndiyo bora kwa kuruka, kwa kuwa springi hupunguza mshtuko. Imani hiyo ina ukweli kiasi, na kasoro kubwa.

Tuseme kijana ameanguka kutoka kimo cha mita moja hadi kwenye ardhi bapa. Anagusa chini akiwa na kasi ya kilomita 16 hivi kwa saa. Akisimamishwa ndani ya sentimita 10, ambacho ndicho kiasi ambacho uma mwingi wenye springi huweza kubonyea, mwili wake utapokea kwa wastani nguvu ya mara 11 ya uzito wake. Akikunja magoti na viwiko na kuutumia mwili kushuka polepole kwa sentimita 50, nguvu hiyo hupungua hadi mara tatu.

Hesabu hiyo ndogo inatosha kueleza mengi. Springi bora kabisa ya uma ni ya sentimita chache, ilhali miguu ya binadamu ni springi ndefu isiyonunuliwa dukani. BMX haina springi yoyote, na kwa sababu hiyo humlazimisha mwanafunzi ajifunze kutumia miguu tangu siku ya kwanza. Asipojifunza, inamuumiza kidogo kila mara, katika matuta madogo, kabla hajafikia makubwa.

Yuko pia mwokozi mwingine, nao ni mteremko wa kutulia. Anayetua kwenye mteremko unaofuata njia aliyokuwa akishukia hewani hasimamishwi ghafla. Huteleza tu na kuendelea. Ndiyo maana wanamichezo wa kimataifa huruka mita kadhaa bila kuvunjika, na mtoto aliyeruka kimo cha meza hadi kwenye lami huteguka.

Springi huleta tatizo la pili wakati wa kupaa. Ili aruke, mwendeshaji huibana baiskeli chini anapokaribia ukingo wa tuta, kisha hujinyoosha ghafla. Katika BMX nguvu hiyo yote huenda kwenye udongo na kumrudia. Katika baiskeli yenye springi laini, sehemu yake humezwa na springi, na kinachobaki hutoka kwa wakati usiotarajiwa. Baiskeli huinama mbele, na mwendeshaji huona ardhi ikimjia usoni.

Mruko wa sungura, ambao ndio msingi wa yote, unaionyesha tofauti hii waziwazi. Mwendeshaji huvuta usukani huku akirudisha uzito nyuma hadi gurudumu la mbele liinuke, kisha husimama wima, husukuma usukani mbele na kuikunja miguu ili gurudumu la nyuma lifuate. BMX, ambayo sehemu yake ya nyuma ni fupi, huinuka kwa mvuto mdogo. Ya milimani hudai mwili mzima, na yenye springi mbele na nyuma hudai pia subira.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa baiskeli ya milimani hairuki. Tangu mwaka wa 2001, mashindano ya Red Bull Rampage katika majabali ya jimbo la Utah yameshuhudia watu wakijirusha kutoka magenge makubwa wakiwa juu ya baiskeli zenye springi ndefu mbele na nyuma. Katika miruko ya namna hiyo, ambapo kasi ni kubwa na mahali pa kutulia ni mawe na vumbi, BMX isingeponya mtu. Gurudumu dogo lingenasa kwenye jiwe la kwanza.

Mtindo wenyewe wa kuendesha ndio unaotofautiana. Mwenye BMX huliona tuta kama jukwaa: analirudia mara 30 kwa alasiri moja, akibadilisha jambo moja dogo kila mara. Mwenye baiskeli ya milimani huliona kama sehemu ya safari; analiruka, anapinda kona, anashuka bonde na kusonga mbele. Wa kwanza hutosheka na ploti moja ya Ngoingwa. Wa pili anahitaji njia ndefu, na huenda akazipata katika mashamba na vijia vya Mang'u au, kwa ruhusa na ada, katika msitu wa Karura jijini Nairobi.

Ujuzi wa moja husaidia nyingine, ingawa njia ya kutoka BMX kwenda milimani imeonekana kuwa nyepesi zaidi. Mfano usiosahaulika ni wa Mfaransa Anne-Caroline Chausson. Alianzia BMX akiwa mtoto, akahamia mbio za kuteremka milima ambako alitwaa ubingwa wa dunia mara nyingi, kisha akarudi BMX na kushinda dhahabu ya kwanza ya wanawake mchezo huo ulipoingizwa katika Olimpiki, Beijing mwaka wa 2008. Kwa wanaume mshindi alikuwa Māris Štrombergs wa Latvia. Miongoni mwa walioshindana huko alikuwapo Sifiso Nhlapo wa Afrika Kusini.

Mbio za baiskeli za milimani zilikuwa zimeingia Olimpiki mapema zaidi, Atlanta mwaka wa 1996. Sarakasi za BMX zilisubiri hadi michezo ya Tokyo ya 2020, iliyofanyika 2021. Huko, Mwingereza Charlotte Worthington alianguka katika zamu yake ya kwanza alipojaribu kupinduka kinyumenyume huku akigeuka digrii 360. Katika zamu ya pili alilirudia jambo lilelile, akatua, na kuondoka na dhahabu.

Afrika Mashariki imejijengea jina katika upande wa umbali kuliko upande wa miruko. Katika kaunti hiihii ya Kiambu, mjini Kikuyu, David Kinjah na kikundi chake cha Safari Simbaz waliwalea vijana wengi juu ya baiskeli za milimani, akiwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 2006 kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza na kushinda Tour de France mara nne. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana katika mbio za milimani za Olimpiki ya London mwaka wa 2012. Kijana wa Thika anayetaka mtu wa kumwonyesha njia atampata kwa wepesi zaidi upande huo.

ILE INAYOFANANA TU

Hatari kubwa kwa mkoba wa mzazi, na kwa shingo ya mwanawe, haimo katika BMX halisi wala katika baiskeli ya milimani halisi. Imo katika ile inayofanana na ya milimani bila kuwa hivyo.

Inajulikana kwa sura. Ina rangi za kung'aa, gia 18 au 21, springi moja mbele na nyingine katikati ya fremu, na maandishi makubwa ubavuni yanayoahidi ushujaa. Ni nzito; nyingi hupita kilo 16, wakati BMX nzima huwa kati ya kilo 10 na 12. Springi yake ya katikati haina mafuta wala hewa ya kuituliza. Ikibonyezwa hurudi kama godoro la zamani, na ndivyo humrusha mtu anapotua.

Baadhi ya baiskeli hizo hubeba kibandiko kidogo karibu na kanyagio, au ukurasa katika kijitabu chake, kinachosema hazifai kwa kuruka wala kwa njia mbovu. Kibandiko hicho ndicho chenye ukweli kuliko maandishi yote mengine yaliyo kwenye baiskeli, na aghalabu ndicho huwa kimebanduliwa.

Shirika la viwango la ASTM la Marekani liliweka, katika kiwango chake F2043, madaraja ya matumizi ambayo watengenezaji wengi huyafuata. Daraja la 1 ni la barabara za lami tu. La 2 huongeza changarawe, na magurudumu yanaweza kuacha ardhi kwa kimo kisichozidi sentimita 15. La 3 ni la njia mbovu na miruko isiyofikia sentimita 61, la 4 huishia sentimita 122, na la 5 ndilo la miruko mikubwa. Kwenye fremu, daraja huonyeshwa kwa alama ndogo ya picha au tarakimu. Mzazi anayeikuta tarakimu 1 au 2 ameshajibiwa, hata muuzaji aseme nini.

Pasipo alama, ziko dalili za kutazama. Fremu ya BMX iliyokusudiwa kuruka mara nyingi huchapwa tarakimu 4130, ambazo ni jina la chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Chuma hicho huweza kutengenezwa kuwa bomba jembamba lililo imara. Chuma cha kawaida nacho si kibaya kwa anayeanza, ila ni kizito na hupinda mapema.

Mikono ya kanyagio iwe ya vipande vitatu vilivyoungwa, kwa kuwa ile ya kipande kimoja kilichopindwa hukunjika mapema chini ya mtu mzima anayetua kwa nguvu. Rimu ziwe za kuta mbili. Spoku 36 kwa kila gurudumu ni salama kuliko chache. Ekseli ya nyuma ya milimita 14 ndiyo inayostahimili kuwekewa vile vyuma vya kusimamia pembeni mwa gurudumu. Ekseli nyembamba iliyofungwa vyuma hivyo hupinda, na gurudumu huanza kukwaruza fremu.

Baiskeli za mitumba kutoka ng'ambo zinaweza kuwa na sifa hizi zote kwa bei ya chini kuliko mpya. Lakini zikaguliwe mchana, si chini ya taa. Mnunuzi apitishe kidole chini ya bomba la chini la fremu, pale linapokutana na shingo. Rangi iliyokunjamana au kupasuka mahali hapo ni ishara kwamba fremu imewahi kugonga kitu kwa mbele. Kisha ashike breki ya mbele, kama ipo, na kuitikisa baiskeli mbele na nyuma. Mlio wa kugongana shingoni unaonyesha mipira ya bearingi imelegea au imekwisha.

Fundi wa kuchomelea vyuma ni msaada mkubwa mjini Thika, lakini hapa uwezo wake una mipaka. Fremu ya chuma cha kawaida inaweza kuchomelewa na kutumika tena kwa mwendo wa polepole. Ya alumini haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya chuma, na hata aliye na mashine ifaayo huidhoofisha kwa moto sehemu iliyo kando ya kiungo. Uma uliopasuka, uwe wa chuma au wa alumini, hautengenezwi. Unatupwa.

Ipo pia baiskeli ya tatu, isiyojulikana sana, inayokaa katikati ya hizi mbili: baiskeli ya kurukia matuta ya udongo. Ina magurudumu ya inchi 26, fremu fupi na ya chini, gia moja, breki ya nyuma peke yake, na uma wa mbele wenye springi ngumu ya milimita 80 hadi 100. Kijana mrefu aliyezidi kimo cha BMX huistarehea, na tairi zake za inchi 26 hupatikana kila mahali. Tatizo lake ni bei, kwa kuwa huagizwa kwa nadra na huuzwa ghali. Fundi mwerevu anaweza kuikaribia kwa kuchukua fremu nzuri ya zamani ya milimani isiyo na springi nyuma, kuiondolea gia, kushusha kiti na kuiwekea uma imara.

Kuhusu vipimo, desturi ya kununua kubwa ili mtoto "aikulie" inafaa kwa sare za shule. Kwa baiskeli ya kuruka ni kosa. Anayejinyoosha kuufikia usukani hawezi kukunja viwiko, na tayari imeelezwa viwiko hufanya kazi gani. BMX za inchi 16 na 18 ziliundwa kwa ajili ya watoto. Ya inchi 20 humfaa hata mtu mzima, mradi bomba la juu la fremu lilingane na kimo chake, kwa kawaida kati ya inchi 20 na 21 kwa vijana wakubwa na watu wazima.

Udongo wa Ngoingwa nao una masharti yake. Ule mwekundu ukiwa na unyevu kidogo hugandamana na kuwa tuta gumu lenye umbo safi, bora kuliko mchanga wa ujenzi unaoporomoka chini ya gurudumu. Masika yakianza mwezi Machi, udongo huohuo hujaza tairi na breki na kuwa utelezi mtupu. Tuta lifunikwe kwa karatasi ya nailoni na kuachwa hadi likauke. Kuelekea Juja ardhi hugeuka kuwa nyeusi, ile inayovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na tuta la udongo huo halidumu msimu mmoja.

Anayeanza ajenge tuta lenye mgongo bapa, lisilozidi kimo cha goti, likiwa na mteremko wa kupandia na mwingine wa kutulia, na katikati pajazwe udongo. Akiruka pungufu, atatua juu ya mgongo na kuendelea. Matuta mawili yenye pengo katikati ni ya waliobobea, kwa maana aliyepungukiwa kwa kasi huligonga la pili kwa gurudumu la mbele. Baada ya mteremko wa kutulia iachwe nafasi ndefu iliyo wazi, bila mawe, seng'enge wala vyuma vya ujenzi vilivyochomoza.

Barabara yenyewe haihesabiwi kuwa uwanja. Matuta ya kupunguza kasi ya magari yana umbo la kushawishi, lakini anayeyaruka hutua kwenye lami bapa, mbele ya matatu au bodaboda ambayo dereva wake hakutarajia kumkuta hewani. Kwenye Thika Superhighway, ambako magari hupita kwa kasi katika njia nane, kuinua gurudumu la mbele kwa ajili ya kamera ya simu kunamweka kijana na wengine hatarini.

Kofia inunuliwe siku moja na baiskeli, kutoka bajeti ileile, hata ikibidi baiskeli iwe ya bei ya chini kidogo. Iliyo bora kwa sarakasi ni ile ya gamba gumu la duara inayofunika hadi kisogoni. Ile nyepesi yenye matundu marefu ya hewa ni ya waendao mbali. Ikishapokea pigo moja kubwa hubadilishwa, hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa sponji yake ya ndani ikishabonyea hairudi. Kofia ya pikipiki ni nzito mno kwa shingo ya mtoto anayeruka.

Kwa mzazi wa Ngoingwa mwenye fedha za baiskeli moja tu, uamuzi basi unategemea kitu kimoja kinachoweza kuonekana kwa macho: mahali ambapo tairi za sasa za mwanawe zimeishia. Aliyezimaliza kwa kurudi kwenye rundo lilelile la mchanga kila jioni anunuliwe BMX ya chuma, rahisi, yenye breki. Anayerudi usiku ukiingia, akiwa na vumbi la Mang'u miguuni, apewe ya milimani yenye springi mbele peke yake, au isiyo nayo kabisa. Ile yenye springi katikati ya fremu na bei inayoshangaza kwa udogo iachwe palepale dukani.